Rehema kwa Mbwa Aliyejeruhiwa: Islam Yasemaje?

Bismillahir Rahmanir Rahim



Miongoni mwa maswali yaulizwayo mara kwa mara na ndugu walioingia karibuni katika Islam, na pia na wale ambao wangali wakiichunguza, liko moja lihusulo mbwa. Wengi wao wamekulia katika nyumba zenye mbwa wa kulinda mifugo au shamba. Sasa wanasikia kwamba mbwa ni najisi na kwamba Mwislamu hamgusi. Basi wanauliza: Je, nikimkuta mbwa amegongwa na gari, amelala kando ya barabara akilia, nifanye nini? Nimpite au nimsaidie? Na nikimsaidia, sala yangu itakuwaje?

Swali hili si dogo kama lionekanavyo. Ndani yake mna swali kubwa zaidi: je, tohara iliyofundishwa na Islam ni ukuta wa kututenga na viumbe wa Mungu, ama ni njia ya kutukaribisha kwa Mungu mwenyewe?

Nitaanza kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja wa bara, nilikuwa nikienda msikitini kwa sala ya Alfajiri. Karibu na soko nilimkuta mbwa koko amelala ukingoni mwa mtaro. Gari lilikuwa limemgonga usiku, mguu wake wa nyuma umevunjika, na damu imegandia manyoya yake. Aliponiona aliinua kichwa. Mimi nikaikusanya kanzu yangu, nikavuka upande wa pili wa barabara, nikaenda zangu. Moyoni nilijiambia kwamba nailinda tohara yangu.

Niliporudi, jua likianza kuchomoza, nilimkuta kijana mmoja msukuma mkokoteni, asiye Mwislamu, ametandika gunia juu ya mkokoteni wake na anamwinua yule mbwa taratibu. Alikuwa amemfunga mdomo kwa kitambaa ili asimwume. Nikamwuliza, "Wampeleka wapi, mwanangu?" Akajibu, "Kwa bwana mifugo, Shehe. Bado ana uhai huyu." Kisha akasema kwa adabu, "Nilikuona ulipopita, Shehe. Nikadhani dini yenu imewakataza."

Niliona haya. Nikamwambia kwamba sivyo, nikamsimulia habari ya mtu aliyemnywesha mbwa maji, kama ilivyopokewa kwa Mtume Mtukufu s.a.w. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa, Shehe, kama Mtume wenu amefundisha hivyo, mbona ulipita?"

Sikuwa na jibu. Nilifuatana naye mpaka ofisi ya mifugo, nikalipa gharama ya dawa, lakini deni la swali lake halikulipika. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila aulizaye kama yeye.

Viumbe ni umati kama sisi

Kila siku, katika kila rakaa, Mwislamu humsifu Mwenyezi Mungu kuwa ni Mola wa walimwengu wote. Hamsifu kuwa Mola wa Waislamu peke yao, wala Mola wa wanadamu peke yao. Ulezi wake umemwenea kila kiumbe, mwenye miguu miwili na mwenye miguu minne, apendwaye na watu na afukuzwaye na watu. Naye Mtume aliyemtuma amemwita rehema kwa walimwengu hao hao.

Zaidi ya hayo, katika Sura Al-An'am (6:39) Kurani Tukufu inatufahamisha ya kwamba wanyama waendao juu ya ardhi na ndege warukao ni mataifa mfano wetu, na ya kwamba wote wana marejeo yao kwa Mola wao. Anayeliamini neno hili hawezi kumtazama mnyama kama jiwe au kigogo kilichotupwa njiani.

Na mbwa mwenyewe ametajwa katika Kitabu cha Mungu. Katika Sura Al-Kahf (18:19) tunasoma habari za watu wa pango, waumini waliokimbia dhuluma ili kuihifadhi imani yao. Mwenyezi Mungu, katika kuwasimulia, hakuacha kumtaja mbwa wao aliyelala kizingitini amenyosha miguu yake ya mbele. Alikuwa pamoja nao katika shida yao, basi akawa pamoja nao katika kutajwa. Kadhalika katika Sura Al-Maida (5:5) wameruhusiwa waumini kula kile walichokamatiwa na wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na mbwa ndiye mashuhuri miongoni mwao. Je, Mungu aliyemweka mbwa katika kazi hiyo anaweza kuridhika tukimwacha afe kwa maumivu mlangoni petu?

Mtu, kisima na kiatu

Hadithi niliyomsimulia yule kijana imepokewa na Abu Huraira r.a., nayo imo katika vitabu sahihi vya Bukhari na Muslim. Habari yenyewe ni hii. Mtu mmoja alikuwa safarini, akashikwa na kiu kali. Akapata kisima, akashuka ndani, akanywa, akatoka. Alipotoka akamwona mbwa ametoa ulimi, anakula udongo wenye unyevu kwa sababu ya kiu. Akatambua kwamba mbwa yule yumo katika shida ile ile aliyokuwa nayo yeye. Akashuka tena kisimani, akakijaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno, akapanda juu, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akaipokea kazi yake, akamghufiria dhambi zake. Masahaba wakauliza kama wao wana thawabu hata katika wanyama. Mtume s.a.w. akawajibu kwamba katika kila chenye uhai mna thawabu.

Tafadhali, ndugu msomaji, tuitazame kwa makini.

Jambo la kwanza, mtu huyu alimpima mbwa kwa kiu yake mwenyewe. Hakuanza kwa kuuliza mbwa huyu ni wa nani, ana faida gani, au rangi yake ni ipi. Alikumbuka tu jinsi koo lake lilivyokauka muda mfupi uliopita. Huo ndio mlango wa huruma.

Jambo la pili, alishuka mara ya pili. Kushuka kwa ajili ya nafsi yake ni jambo la tabia, kila mtu hufanya hivyo. Kushuka mara ya pili, naye amekwisha shiba maji, huku safari inamngoja, hilo ndilo lililoandikwa mbinguni. Na kwa kuwa mikono yake yote ilihitajiwa kwa kupandia, alikishika kiatu kwa meno. Hakuogopa kujidhili kwa ajili ya mnyama.

Jambo la tatu, hapakuwa na shahidi wala malipo. Waswahili husema: tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Mbwa asiye na mwenyewe hawezi kukulipa wala kukusifu mbele ya watu. Kwa hiyo wema anaofanyiwa uko mbali sana na ria.

Iko pia riwaya nyingine ya kwamba mwanamke mmoja wa Bani Israili, aliyekuwa kahaba, alimwona mbwa akizunguka kisima karibu kufa kwa kiu, akamtekea maji kwa kiatu chake, naye akasamehewa. Na kinyume chake tumesimuliwa habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Basi tuogope, kwani mnyama mmoja mnyonge anaweza kuwa sababu ya kuokoka kwetu au ya kuangamia kwetu.

Suala la najisi

Sasa tulikabili lile linalowazuia wengi. Ni kweli kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. ameagiza chombo kilichorambwa na mbwa kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Agizo hilo twalikubali na kulitii. Lakini Maimamu wa sheria wamehitilafiana katika maana yake. Imamu Malik alimwona mbwa kuwa tohara katika mwili wake, na kuosha chombo kuwa ibada iliyoamriwa. Katika madhehebu ya Imamu Abu Hanifa mate ya mbwa ni najisi, lakini mwili wake sivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na wengi wa Waislamu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, mbwa mzima ni najisi.

Haya, tuchukue kauli iliyo kali kuliko zote. Hata kwa kauli hiyo, kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami. Unyevu ukiwapo, panaoshwa mahali palipoguswa. Na kuguswa na najisi hakutangui udhu. Yaani jambo zima laishia kwenye ndoo ya maji na kiganja cha udongo. Kwa ajili ya ndoo hiyo ya maji tumwache kiumbe afe?

Na lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Wanavyuoni wa Kishafii wenyewe wamefundisha kwamba msafiri mwenye maji kidogo, ambaye pamoja naye yuko mnyama mwenye kiu ambaye sheria imeiheshimu roho yake, ayaweke maji kwa mnyama huyo, naye atayamamu kwa udongo ili asali. Mbwa mwenye manufaa yumo katika hesabu hiyo. Tazama, maji ya udhu yamegeuzwa kuwa maji ya mbwa, na sala ikabaki sahihi! Basi wapi tulipopata kwamba tohara ni udhuru wa kumwacha mnyama ateseke?

Kadhalika Imamu Bukhari ameipokea habari ya mtu na mbwa mwenye kiu hata ndani ya mlango wa udhu katika kitabu chake. Na karibu yake ameweka riwaya ya Ibn Umar r.a. ya kwamba zama za Mtume s.a.w. mbwa walikuwa wakiingia na kutoka msikitini, wala watu hawakuwa wakinyunyiza maji kwa sababu hiyo.

Fikiri tena: damu ya binadamu aliyejeruhiwa nayo yahesabiwa najisi. Je, umepata kumwona Mwislamu akimwacha majeruhi barabarani kwa kuiogopa damu yake? Mama humsafisha mtoto wake uchafu mara ngapi kwa siku, kisha akaoga akasali? Najisi ya mkono huondoka kwa maji. Lakini ugumu wa moyo hauondolewi na bahari nzima. Siku ile nilipoikusanya kanzu yangu, nguo ilibaki safi. Kilichochafuka hakikuwa nguo.

Je, Mtume s.a.w. hakuamuru mbwa wauawe?

Wapo wanaotaja kwamba mbwa wa Madina waliamriwa kuuawa. Naam, amri ya namna hiyo ilitolewa wakati fulani. Lakini riwaya hizo hizo zinaeleza kwamba baadaye Mtume s.a.w. aliwazuia watu wasiendelee, akaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo. Na imepokewa katika Abu Daud na Tirmidhi kwamba aliwataja mbwa kuwa ni umati miongoni mwa umati, na kwamba kwa sababu hiyo hakuagiza wamalizwe. Anayeshika mwanzo wa habari na kuuacha mwisho wake hajaitendea haki.

Wengine hutaja kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Hilo lahusu kuweka mbwa nyumbani pasipo haja, na mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba wametengwa katika mafundisho yake. Wala hakuna aliyekuambia umlaze mbwa chumbani mwako. Aliyevunjika mguu barabarani hahitaji kitanda chako. Anahitaji gunia, mkokoteni na mganga wa wanyama.

Mwendo wa Mtume s.a.w. mwenyewe waonekana wazi katika safari ya kuifungua Makka, mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 8 wa Hijra, yaani mwaka 630. Mwanahistoria al-Waqidi ameeleza kwamba jeshi lilipopita sehemu za al-Arj, Mtume s.a.w. alimwona mbwa jike akinguruma juu ya watoto wake waliokuwa wakinyonya. Akamwamuru sahaba wake Juail bin Suraka r.a. asimame mbele ya mbwa huyo, ili askari yeyote asimsumbue yeye wala watoto wake. Jeshi lile lilikuwa na watu elfu kumi, nalo lilikuwa likienda kuukamilisha ushindi mkubwa kabisa wa Islam. Hata hivyo, Amiri wake alipata nafasi ya kumwekea mlinzi mbwa asiye na mwenyewe. Nasi tunasema hatuna wakati, tunawahi kazini!

Kuwatibu wanyama si jambo geni katika Islam

Mtu asidhani kwamba uganga wa wanyama ni jambo la kigeni lisilotuhusu. Kwa Kiarabu mganga wa wanyama huitwa baitar, na Waislamu wa kale waliiheshimu kazi hiyo. Yule mwanachuoni mashuhuri wa mimea na dawa, mzaliwa wa Malaga huko Hispania, aliyefariki Damascus mwaka 1248, anajulikana ulimwenguni kwa jina la Ibn al-Baitar, maana yake mwana wa mganga wa wanyama.

Lakini historia yetu ina pande mbili, nasi hatufichi. Mji wa Istanbul ulijulikana kwa karne nyingi kwa mbwa wake wa mitaani, ambao wakazi Waislamu waliwapa maji na chakula. Mwaka 1910 wenye mamlaka waliwakusanya makumi ya maelfu ya mbwa hao, wakawatupa katika kisiwa kikavu cha Sivriada, katika Bahari ya Marmara, wakafa huko kwa njaa na kiu. Mwaka 2004 Uturuki ilitunga sheria kwamba mbwa wa mitaani wahasiwe, wachanjwe, kisha warudishwe walikotolewa. Na mwaka 2024, baada ya malalamiko ya watu walioumwa na mbwa, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwakusanya mbwa hao katika mabanda, jambo lililozusha ubishi mkubwa. Twajifunza kwamba raia wana haki ya usalama, na mbwa wana haki ya kutoteswa, na hekima ya watawala hupimwa kwa kuzilinda haki zote mbili. Njia ya kisiwa cha Sivriada haikulinda hata moja.

Namna ya kumsaidia

Huruma bila maarifa huweza kudhuru. Kwa hiyo yafaa ujue mambo machache.

Mbwa mwenye maumivu humwuma hata anayemsaidia, kwa sababu hajui nia yako. Mkaribie polepole, upande anaoweza kukuona, kwa sauti ya chini. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini, isipokuwa kama anatapika au anapumua kwa shida. Damu ikitoka, igandamize kwa kitambaa safi. Usimburure. Mteleze juu ya ubao au gunia lililokazwa, ili mgongo usipindike. Usimlazimishe kula wala kunywa. Wala usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu, kama vile ibuprofeni na parasetamoli, kwani vinaweza kumdhuru na hata kumwua. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo, au umwite aje. Ukimaliza, nawa kwa sabuni, uioshe nguo yako kama sheria ilivyoagiza, na usali.

Lakini ukiona mbwa anadondosha mate mengi, taya limelegea, anayumba, au anauma kila kitu bila kuchokozwa, usimguse kabisa. Huenda ana kichaa cha mbwa. Waondoe watoto, na uwaarifu wataalamu wa mifugo upesi. Kuilinda roho yako ni amri ya Mungu vile vile.

Na pengine daktari atasema kwamba hakuna tumaini, na kwamba kumwacha hai ni kumrefushia mateso. Hapo kumbuka kwamba Mtume s.a.w. amefundisha kutenda mema katika kila jambo, hata katika kuua, ili mnyama asiteswe. Mwisho usio na maumivu, kwa mkono wa mtaalamu, ni bora kuliko siku tatu za kuoza mtaroni huku watoto wakimrushia mawe.

Faida inayomrudia binadamu

Mwenyezi Mungu ameziunganisha haki za viumbe wake hivi kwamba anayemrehemu mnyama hujirehemu mwenyewe. Kichaa cha mbwa chakisiwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Miongoni mwa wanaoumwa wamo watoto wengi. Dalili zikishatokea, mgonjwa ni nadra sana kupona. Lakini ugonjwa huu wazuilika. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, chanjo imekuwapo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo. Na wataalamu wametufundisha kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukatika njia.

Ushahidi tunao hapa kwetu. Kisiwani Pemba, ambako wakazi wengi mno ni Waislamu, mbwa walichanjwa kisiwa kizima, na kufikia mwaka 2014 kichaa cha mbwa kilikatika. Uchanjaji ulipolegea, ugonjwa ukaingia tena mwishoni mwa mwaka 2016. Mbwa wakachanjwa upya, na mwezi wa Oktoba 2018 ukatokomezwa tena. Angalia, ndugu yangu: sindano aliyochomwa mbwa ndiyo iliyomwokoa mtoto wa mtu. Wala mbwa hachanjwi na watu wanaomkimbia. Huchanjwa na watu wanaothubutu kumshika.

Wanadamu wenye shida je?

Najua mtu atasema: wapo mayatima, wapo wagonjwa wasio na dawa, nawe watuhimiza habari za mbwa? Ni neno zito, na mwanadamu ana haki ya kutangulizwa. Mwenye shilingi moja, na mbele yake yuko mtoto mwenye njaa, ampe mtoto.

Lakini huruma si gunia la mahindi ambalo ukilichota hupungua. Yafanana na kisima, ambacho hutoa maji kwa wingi kadiri kinavyotekwa. Yule kijana wa mkokoteni hakuwa na mali, na muda aliompa mbwa haukuwa umenyang'anywa yatima yeyote. Na mimi niliyempita mbwa, je, sikuwa nimempita yatima pia njia ile ile? Moyo uliozoea kupita hupita tu, bila kuuliza aliyelala chini ni nani.

Nawe ndugu uliyefunga baiati, kumbuka ahadi yako. Katika masharti yaliyowekwa na Masihi Aliyeahidiwa a.s. mwaka 1889 imo ahadi ya kutowadhuru viumbe wa Mungu kwa mkono, kwa ulimi wala kwa njia yoyote, na imo ahadi ya kuwatumikia viumbe hao kwa ajili ya Mungu. Walitajwa viumbe, na mbwa ni kiumbe.

Basi naomba jambo dogo. Katika kila mtaa, ndugu watatu wakubaliane. Wajue ofisi ya mifugo iko wapi na hufunguliwa saa ngapi. Waweke gunia imara, kamba na kitambaa mahali panapojulikana. Wachange kidogo kila mwezi kwa ajili ya dawa. Wawakataze watoto kuwapiga mbwa mawe, na wawaeleze sababu. Jambo hili halihitaji jengo wala tajiri.

Na wewe unayeichunguza Islam, ukimwona Mwislamu akipita kama nilivyopita mimi, usidhani kwamba dini imemfundisha hivyo. Mwulize kama yule kijana alivyoniuliza, kwa adabu, bila kumficha kitu. Swali kama hilo ni hisani kwake.

Yule mbwa alikatwa mguu, akapona. Nilimwona mara nyingi baadaye, akichechemea kwa miguu mitatu nyuma ya mkokoteni wa kijana yule. Kila nilipopita aliinua kichwa, kama alivyokiinua alfajiri ile, na kila mara nilimwomba Mola wangu msamaha.

Mwenyezi Mungu aziondoe najisi za mikono yetu kwa maji, na za mioyo yetu kwa rehema yake, atupe macho ya kumwona kila kiumbe wake aliye katika dhiki, na atujalie nguvu ya kushuka kisimani mara ya pili. Amin.